Aliyetukataza Kujisemea

Mwaka 1974, mvua za Aprili zikiwa zimekolea, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na miezi saba. Mume wangu alichukuliwa Jumanne, tarehe 9, saa nne asubuhi, kutoka kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi aliyokuwa akiitunza. Waliomchukua walikuwa watu watatu waliovaa mashati ya maua. Hawakumpiga. Walimwambia afunge mlango na achukue koti lake, naye akafunga mlango na kuchukua koti. Hayo niliambiwa na mlinzi wa lango, na hadi leo sijaambiwa zaidi ya hayo.

Mwanamke ninayemwandika hapa nilimfahamu siku kumi na moja baadaye. Sote tulimwita Mkalimani. Jina alikuwa nalo, lakini sikulisikia likitamkwa ila kanisani, na hata huko lilitamkwa haraka. Kwao kulikuwa Kongo ya mashariki. Alifikaje Kampala, alifika na nani, sikumwuliza, wala hakuwa mtu wa kuulizwa. Aliuza sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, katika soko la Kalerwe. Siku ambazo hakuuza alisimama nje ya ofisi za serikali pamoja na wanawake waliokuwa wakitafuta waume zao.

Kiswahili wakati huo kilikuwa lugha ya jeshi na polisi. Wanawake wengi wa Kampala walikijua kwa amri zake tu: simama, kaa chini, fungua mlango. Mwanamke aliyetaka kuuliza mumewe yuko wapi alilazimika kuuliza kwa lugha ileile iliyotumika kumchukua, na wengi ndimi zao ziligoma. Mkalimani alizaliwa ndani yake. Kilikuwa Kiswahili cha kwao, ambacho mwanzoni niliona kimechakaa, lakini hakukiogopa.

Mimi nilikijua Kiswahili. Nilisema hivyo kwa majivuno wakati ule, na nasema hivyo tena sasa. Nilizaliwa upande wa Kenya, karibu na mpaka, na sikupelekwa shule nikiwa mtoto. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1965, nikiwa na miaka ishirini na mitano na watoto wawili, katika madarasa ya jioni ya Wakenya waliokuwa wakifanya kazi Kampala. Vitabu vyetu vilitoka Mombasa. Nilijifunza ngeli zote kabla ya kujifunza kugawanya. Mkalimani aliponisikia mara ya kwanza alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akasema, “Kiswahili chako, mama, kimepigwa pasi.”

Pasi hiyo ilikwisha kuniponza. Alhamisi, tarehe 18 Aprili, nilikwenda peke yangu kwenye ofisi moja iliyokuwa ikipokea majina ya watu waliopotea. Askari wa mlangoni akaniuliza, “Wewe nataka nini?”

Nikamjibu, “Husemi ‘wewe nataka’. Sema, ‘unataka nini’.”

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Huenda upatanisho wa kisarufi ndicho kitu pekee siku ile nilichokuwa na hakika nacho. Askari aligeuka akamwita mwenzake. “Kuja ona! Mwalimu nakuja!” Kisha akanionyesha sehemu isiyo na kivuli katikati ya uwanja. “Kaa hapo, mwalimu. Fundisha jua.”

Nilikaa tangu saa tatu na robo hadi saa tisa na nusu. Sikulia. Nilipofika nyumbani niliwapikia watoto, sikula, nikakaa. Ijumaa pia nilikaa.

Jumamosi, tarehe 20, Mkalimani akaingia kwangu bila kubisha hodi ya maana. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili kwenye mteremko unaoelekea Luzira, na habari za mwanamke aliyemsahihisha askari zilikuwa zimeshateremka na kupanda mteremko huo mara kadhaa. Hakusema pole. Alifunua sufuria, akaangalia ndani, akafunika.

“Ulikula lini?”

“Jana.”

“Uongo. Hii sufuria ni ya watoto. Weye ulikula lini?”

Nyuma yake alisimama mwanamke mnene aliyevaa busuti ya kijani, muuza ndizi wa Kalerwe, amefumbata mikono tumboni. Mkalimani akamsukuma mbele kidogo. “Huyu bwana yake alipotea mwezi wa kwanza. Mushike.”

Nilidhani ananiambia nimshike mkono yule mama. Nikanyoosha mkono. Mkalimani akatikisa kichwa kwa uchovu.

“Si yeye. Bwana yake. Mushike bwana yake, umuweke kichwani. Na yeye atamushika wako.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na sikumwona akimlegezea mtu yeyote. Hapakuwa na mwanamke wa kujisemea. Kila mmoja alipewa mwenzake, akajifunza kwa ghibu habari za mume wa mwenzake: jina, kimo, umri, kovu, nguo alizovaa siku ile, saa, gari, mlango aliotolewa. Mbele ya meza ya karani wa ofisi ile kila mmoja alimwulizia wa mwenzake. Mwenye mume alisimama nyuma, kimya. Sababu zake Mkalimani alizieleza mara moja tu, tukiwa tunangoja, huku akichokonoa meno. “Anayeuliza wa kwake, sauti inavunjika kwenye jina. Wakisikia sauti imevunjika, wanacheka, wanafunga kitabu. Anayeuliza wa mwenzake anafika mpaka mwisho.”

Nilimshika basi mume wa muuza ndizi. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa miaka arobaini na moja, mfupi, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimekatika kwenye kifundo cha pili. Siku aliyopotea alivaa sweta la kahawia lenye kiraka cha kiwiko, kiraka chenyewe cha rangi nyingine. Nilimkariri nikishona sare za shule, maana ushonaji ulikuwa kazi yangu, na nilimkariri nikichota maji. Jumatano, tarehe 24, nilishtuka kuona sahani yangu ya ugali ni tupu na kwamba aliyekula ni mimi. Nilikuwa nikijiuliza kiraka kile kilikuwa cha rangi gani, na kujiambia kwamba lazima nimwulize mwenzangu kabla ya Jumatatu, na mkono ulikuwa ukienda wenyewe kati ya sahani na kinywa.

Sisemi kwamba nilipona. Nasema nilikula, na juma lililofuata nililala usingizi wa kutosha, na mwezi wa Juni nilishona sare thelathini. Wako waliokataa sheria ile. Mmoja, jirani yetu wa bondeni, alisema hawezi kumtaja mume wa mtu ilhali wake hajulikani alipo. Alikwenda peke yake kila juma hadi Oktoba, kisha akaacha kwenda, kisha akaacha kusema. Mkalimani alimpelekea sombe kila Jumapili na kuiweka mlangoni. Hakumlaumu, wala hakumtoa mfano kwa mtu.

Mtu akisoma hadi hapa atadhani nilimpenda. Alikuwa mtu mgumu kupendwa. Alikuwa bahili wa chumvi hata jirani akimwomba kijiko kimoja alipima kwa ncha ya kisu. Kwenye bomba la maji aliwasukuma wazee. Aliimba kanisani kwa sauti iliyowafunika wote, akijua. Ukimshukuru alikasirika. Mwaka ule wa kwanza mwanaume mmoja, mmoja tu kati ya wote tuliowauliza, alirudi kwake kwa miguu, amekonda, na mkewe akamletea Mkalimani kuku mweupe. Mkalimani hakumgusa yule kuku. “Nani alikusemea mbele ya karani?” akauliza. Mama akamtaja mwenzake. “Basi umepotea njia. Kuku ni wa kule.” Akamgeuzia mgongo, na yule mama akabaki amesimama na kuku wake akipapatika.

Ukalimani wake wenyewe ulikuwa wa kuharibu. Ni mimi peke yangu, ukimtoa yeye, niliyeelewa pande zote mbili, na siku ya kwanza nilishikwa na hasira. Mama mmoja aliisahau sheria, akasema kwa Kiganda maneno marefu, akilia, akieleza jinsi mumewe alivyowalea ndugu zake saba na jinsi Mungu atakavyohukumu. Mkalimani alimsikiliza hadi mwisho, akamgeukia afande na kusema, “Anaomba.” Afande akatoa matusi ambayo siwezi kuyaandika, yakimtaja mama yule, mama yake, na vitanda vyao. Mkalimani akasikiliza hayo nayo hadi mwisho, akamgeukia mama. “Anasema rudi Jumatatu.”

Tulipotoka nikamwambia, “Hukutafsiri.”

“Nilitafsiri.”

“Sentensi moja katika ishirini!”

“Njo ile ya lazima,” akasema, “njo” ya kwao ikiwa “ndiyo” yangu. “Ile ingine nilibakia nayo miye. Unaitaka? Nikupe?”

Sikuitaka. Wala sijui aliibakisha wapi, miaka yote hiyo, matusi ya upande mmoja na machozi ya upande wa pili. Yeye hakuwa na mwenzake. Hakumshika mume wa mtu yeyote, na tulipomwuliza alisema kichwa cha mkalimani lazima kiwe kitupu, akibeba mmoja atamsemea huyo na kuwasahau wengine. Kama alikuwa na mtu wake aliyepotea, hakuna aliyeambiwa kimo chake. Agosti 1975 alishikwa na malaria, akajifungia ndani siku nne. Mimi na mwenzangu wa Kalerwe tulipeleka uji. Tulibisha hodi robo saa nzima.

“Nani?”

“Ni sisi.”

“Mugonjwa hayupo,” akajibu kutoka ndani.

Mwenzangu alicheka hadi akakaa kwenye kizingiti. Mimi sikucheka. Niliona si haki mtu atulazimishe kusaidiana na yeye mwenyewe afunge komeo. Uji tuliumimina kwenye bakuli lake la nje, na asubuhi bakuli lilikuwa limeoshwa na kupinduliwa. Hakuna aliyetaja jambo hilo.

Sasa nifike kwenye neno.

Jumatatu, tarehe 6 Mei 1974, mwenzangu alikwenda mbele ya karani kumwulizia mume wangu, nami nikasimama nyuma, kimya, kama sheria ilivyotaka. Karani huyo hakuwa Mganda. Alijifunza Kiswahili chake kambini na alijivunia sana, labda kama mimi nilivyojivunia changu. Alijaza fomu. Jina, akaandika. Kimo, akaandika. Akauliza, “Sasa yeye iko wapi?” Mwenzangu hakumngoja Mkalimani, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sokoni, “Mahali hapana julikana.” Karani akaandika. Tukaondoka tukiwa tumeridhika, maana alikuwa amefika mpaka mwisho bila sauti kuvunjika.

Sikuiona fomu ile hadi Jumanne, tarehe 10 Februari 1976. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeamua kurudi kwetu Kenya na watoto wangu wawili, na kwa ajili hiyo nilihitaji hati ya kuvuka nao mpaka. Watoto walibeba jina la baba yao. Afisa alifungua faili, akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

“Hawa watoto ni ya nani?”

“Ni wangu, na wa mume wangu.”

“Mume gani? Wewe hapana bibi yake.” Akageuza karatasi nikaona mwenyewe. Mbele ya swali la mahali alipo mtu, karani aliandika kwa mwandiko mzuri wa kulala: Mahari haijulikani.

Naomba msomaji anielewe vizuri hapa. Kinywani mwa mwenzangu, kama walivyo wengi waliolelewa na Kiganda, mahali na mahari ni neno moja. Yote mawili ni mahali. Karani alilijua jambo hilo. Alijua kwamba Waganda hutamka l panapostahili r, kwa hiyo alipomsikia akisema mahali, alimsahihisha kimoyomoyo kama mtu mwenye elimu. Mwenzangu siku ile alikuwa amesema neno sahihi kabisa. Aliyekosea ni yule aliyejua zaidi.

Siku ile, hata hivyo, sikuelewa hivyo. Nilielewa kwamba mimi, niliyeolewa mwaka 1958 kwa ng'ombe waliovuka mpaka mchana kweupe, nimeandikwa na serikali kuwa mwanamke asiyetolewa mahari, hawara aliyezaa na mtu wa stoo. Hatukufunga ndoa kanisani. Walioshuhudia mahari yangu walikuwa Kenya, na kaka wa mume wangu alikuwa amekimbilia kusikojulikana. Bila kuandikwa mke nisingeandikwa mjane, na bila hayo watoto wasingevuka nami. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu kwa mwaka mmoja na miezi minne iliyofuata, na sikuwa na jingine.

Nilikwenda moja kwa moja Kalerwe. Mkalimani alikuwa akitwanga.

“Sheria yako imenivua ndoa,” nikamwambia. “Ningejisemea mwenyewe ningesema vizuri.”

Hakuacha kutwanga. “Ungesema vizuri sana. Halafu ungemufundisha karani.”

“Usinidhihaki.”

“Sikuzihaki, mama. Ulikaa juani kwa sababu ya neno moja. Neno moja la mwenzako limekuweka tena juani. Tofauti ni nini? Mara ya kwanza ulikuwa peke yako.” Akainua mchi, akaufuta kwa kiganja. “Yeye amejua?”

Hakuwa amejua. Nilimwambia mimi, palepale kati ya mikungu yake ya ndizi, kwa maneno ambayo hayakuwa na heshima. Mwenzangu aliniangalia kinywa wazi. “Banange! Nnyabo, mimi nasema mahali. Mahali! Si nasema vizuri?”

“Sema mahari.”

“Mahali.”

“Ma-ha-ri.”

“Ma-ha-li,” akasema kwa bidii, na wauzaji wa jirani wakaanza kucheka, na mmoja akauliza kama ndizi leo zinauzwa kwa somo.

Tangu Machi 1976 nilimfundisha. Nilikuwa na hakika kwamba siku kesi ikitajwa lazima asimame mbele ya hakimu na kuyatamka maneno yote mawili bila kosa, ili ijulikane kwamba si mjinga na kwamba aliyekosea ni karani. Jumanne na Ijumaa, baada ya soko, alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akakunja ulimi. Barabara, si balabala. Habari, si habali. Kweli, si kweri. Alichukia kila dakika, naye alikuja kila siku iliyopangwa. Tukimaliza somo aliniulizia mume wangu, namaanisha alimkariri mbele yangu asije akamsahau, nami nikamkariri wake. Kufikia Aprili 1977 alikuwa akisema mahari safi kama mtu wa Mombasa, mara kumi mfululizo, na alipofanikiwa alijipigia makofi.

Kesi ilipangwa kusikilizwa Ijumaa, tarehe 17 Juni 1977. Jumapili iliyotangulia Mkalimani alikuja kutueleza atakavyosimama kama mkalimani wa shahidi. Nikamwambia kwa fahari, “Msikilize sasa.” Mwenzangu akasema yote mawili, mahali, mahari, bila doa.

Mkalimani akaniuliza, “Ni weye ulimufundisha?”

“Ni mimi.”

“Umeharibu.”

Akaeleza polepole, bila hasira. Hakimu akisikia shahidi anayatofautisha maneno hayo vizuri namna hii, atasema hata siku ile aliyatofautisha. Atasema kama karani aliandika mahari, basi mahari ndiyo aliyoisikia. Kilichoweza kuniokoa ni ulimi wa mwenzangu jinsi ulivyokuwa, nami nilikuwa nimeutengeneza mwaka mzima.

“Asahau basi,” nikasema.

“Mutu anasahauje kwa siku tano?” Mkalimani akasimama akajifunga kitenge. Hakumwagiza mwenzangu kitu chochote. Mwenzangu naye alikuwa akiangalia vidole vyake, na alipoondoka hakusema kwaheri.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye feni isiyozunguka. Hakimu alikuwa mzee mwenye miwani minene, na kwa kuwa faili lilikuwa la Kiswahili aliamua kuuliza kwa Kiswahili. Majirani wawili walikwisha kuapa kwamba tuliishi kwa miaka kumi na mitatu kama mume na mke. Kilichobaki kunipinga ni mstari ule mmoja. Mwenzangu aliitwa, akaapa, akasema yeye ndiye aliyejibu maswali ya karani.

“Ulimwambia nini kuhusu mahari?” hakimu akauliza.

Hapo Mkalimani alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alisema neno lake mwenyewe. “Mheshimiwa, samahani. Hilo neno usimupe weye. Muulize, alitoe yeye.”

Hakimu alivua miwani akamtazama. Nilidhani atamtoa nje. Akavaa tena miwani. “Mama, mtu akikuuliza mume wa rafiki yako yuko wapi, unajibuje?”

“Mahali hapana julikana, ssebo.”

“Vema. Na mwanaume akitaka kuoa binti yako, anakuletea nini?”

“Anareta ng'ombe. Anareta kanzu ya baba, na busuti ya shangazi.”

“Vitu hivyo vyote kwa pamoja, kwa Kiswahili, vinaitwaje?”

Mwenzangu alinitazama. Hakutazama sana, pengine muda wa kuvuta pumzi moja. Nilijua kwamba neno lile lipo kinywani mwake, maana mimi ndiye niliyeliweka, na nilijua pia jinsi alivyopenda kulisema na kupigiwa makofi.

“Mahali,” akasema.

Karani wa mahakama aliangua kicheko. Watu wa mabenchi ya nyuma wakafuata. Hakimu alirudia swali, naye akarudia jibu kwa sauti kubwa zaidi, “Mahali! Mahali ya musichana!” na kicheko kikaenea hadi kwa askari wa mlangoni. Alisimama katikati ya kicheko hicho katika busuti yake ya kanisani, kidevu juu. Kama aliteleza au alikusudia, sikumwuliza siku ile, wala sikumwuliza baadaye.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alisema mstari ule wa faili hauwezi kutegemewa. Alisema kwamba kwa ushahidi uliopo mimi ni mke halali, na kwamba kwa kuwa mume wangu hajaonekana kwa miaka mitatu na zaidi, atahesabiwa kuwa amefariki, nami nitaandikwa mjane wake na mlezi wa watoto wake. Mhuri ulipigwa mara mbili. Niliisoma hati yote. Ilikuwa na kosa moja la herufi kubwa, na nililiacha.

Nje, kwenye baraza, sikuhisi furaha wala kilio. Nilihisi mikono yangu ni mizito. Mkalimani alikuwa ametangulia, ameegemea nguzo na kuelekeza uso barabarani, kama alivyofanya siku zote wanawake zaidi ya wawili waliposimama pamoja.

“Unaenda lini?” akauliza.

“Jumatatu.”

“Basi bwana ya mwenzako nani anabakia naye?”

Sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Nilikuwa nimembeba dereva yule kwa miaka mitatu na nilikuwa karibu kuvuka naye mpaka. Mwenzangu akainamisha kichwa.

“Nipe miye,” akasema Mkalimani.

“Ulisema kichwa chako lazima kiwe kitupu.”

“Nilisema. Nipe.”

Nikampa. Miaka arobaini na moja wakati ule, mfupi, kidole cha shahada cha mkono wa kulia, sweta la kahawia, kiraka cha kiwiko, kijivu. Alinisikiliza amefumba macho, kisha akamrudia yule dereva mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili chake cha Kongo, pamoja na kiraka, bila kukosea. Alikuwa na sauti nyembamba nisiyoijua. Alipomaliza alifumbua macho, akamgeukia mwenzangu.

“Na weye, murudishie wake.”

Mwenzangu alisimama mbele yangu kama mbele ya meza ya karani. Akamtaja jina. Akasema, mrefu, miaka salasini na nane. Akasema shati la mistari ya bluu, na koti mkononi. Akasema kovu la jipu nyuma ya shingo. Akasema, huyu bwana akifunga kamba za viatu anapiga mluzi, akimaliza kufunga ananyamaza. Hilo nilikuwa nimelisahau. Nilimpa yeye Aprili 1974, tukiwa kwenye mlango wangu, kisha likanitoka kabisa, na kwa miaka mitatu lilikuwa Kalerwe, kati ya mikungu ya ndizi.

Maneno yote yenye r aliyatamka kwa r.

“Iko yote?” Mkalimani akaniuliza.

Nikasema iko yote.

“Basi, mama,” akamwambia mwenzangu, “muweke chini.”

Mwenzangu akanyamaza. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana, Ijumaa, tarehe 17 Juni 1977.